Mkono wa Kufungua Shamba

1

Puto la kwanza siku hiyo lilikataa kupaa. Lilijinyonganyonga juu ya uwanja wa kituo, likavutwa na upepo hadi kwenye uzio, na Tusekile akalikimbilia na mabuti yake ya mpira huku akilitukana kwa Kinyakyusa, lugha aliyoitunza kwa ajili ya mashine zisizosikia.

Mhandisi Chilongani, mkuu wa kituo, alikuwa amesimama kibarazani na kikombe cha chai, anacheka kwa raha zake.

"Litukane vizuri, huenda likaona haya."

"Bosi, mzigo umeongezwa na gesi ni ileile. Litapaaje?"

"Basi ongeza gesi. Kuanzia leo kila puto linabeba mara mbili."

Tusekile aliiacha kamba. Tangu aanze kazi juu ya mlima ule, mzigo ulikuwa ukipandishwa kidogokidogo, kama dozi ya mgonjwa wa presha. Mara mbili kwa mpigo hakuwahi kuisikia.

Chilongani akamnyooshea kishikwambi. Amri ya Baraza la Pazia ilikuwa fupi, kama zilivyo amri za watu wasioona haja ya kujieleza. Vituo vyote vya kusini mwa ikweta vipandishe mzigo mara mbili, vya kaskazini vishushe hadi nusu, mpaka hapo itakapotangazwa tena.

Kazi ya kituo yenyewe haikuwa na siri. Watoto walifundishwa shuleni kabla hawajajua kugawanya. Jua linaleta mwanga, ardhi na bahari vinaupokea na kupata joto, kisha joto hilo linarudi angani bila kuonekana. Hewa ya ukaa inauacha mwanga uingie, lakini inalishika joto linapotaka kutoka. Bila hewa hiyo kabisa dunia ingekuwa barafu tupu, kwa hiyo ikiwa ya kiasi ni neema. Tatizo ni mababu. Walichoma makaa ya mawe, wakachoma mafuta, wakachoma misitu, mpaka blanketi la dunia likawa zito kupita kiasi, na blanketi hilo halifuliki wala halichakai upesi. Hewa ya ukaa ikishapanda inakaa vizazi na vizazi. Bahari ilimeza sehemu kubwa ya joto, watu wakadhani wamesalimika. Walipobanwa kweli wakachagua njia ya mkato: blanketi liachwe palepale, jua ndilo lipunguzwe.

Ndipo likaja Pazia. Maputo yanabeba salfa hadi juu ya mawingu, kule ambako hakuna mvua ya kuiosha, nayo inageuka chembe ndogo mno zinazorudisha sehemu ya mwanga ulikotoka. Dunia ikapoa. Anga likapoteza ubuluu wake, likawa jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na watoto wa siku hizi ukiwapa rangi ya buluu wanachorea bahari tu. Lakini chembe zinaanguka baada ya mwaka hivi, kwa hiyo lazima zipandishwe nyingine, na nyingine tena. Maputo yakikoma, joto lote lililozuiwa kwa miaka sitini litarudi ndani ya miaka michache, upesi kuliko mti unavyoweza kuota mahali pengine. Kwa hiyo maputo hayakomi.

"Tukitia kivuli kizito huku kusini," Tusekile alisema polepole, "upande wetu unapoa kuliko wa kaskazini."

"Unapoa."

"Na mkanda wa mvua unafuata upande wenye joto."

"Unafuata." Chilongani hakuwa anacheka tena. "Unatoka hapa, unapanda kaskazini, kule pembezoni mwa jangwa. Ndiyo maana ya amri."

"Na huku, msimu huu?"

"Huku sahau."

Chini ya mlima yalionekana mashamba ya Isumbi, kijiji alichozaliwa Tusekile. Yalikuwa yamelimwa tayari, udongo mwekundu, matuta yamenyooka, hakuna jani. Kila mwaka watu wa Isumbi hupanda kwenye vumbi kabla ya mvua, kwa sababu msimu umekuwa mfupi na anayesubiri ardhi ilowe kwanza anakutwa na baridi ya Juni mahindi yakiwa bado mabichi.

"Bosi, wale watu wameshalima. Miaka mitatu hii hawajavuna cha maana."

"Miaka mitatu hii Baraza limekuwa likiisogeza mvua kwenda juu kidogokidogo. Kule haikutosha, huku imetosha kuharibu. Kule ni mwaka wa tisa wa ukame, Tusekile. Wanazika watoto." Akamwaga masalio ya chai kwenye maua. "Unajua ilianzaje? Matajiri wa huko juu kabisa walitaka viangazi vyao vipoe, vituo vya kaskazini vikapakizwa, mvua ikasukumwa kwenu. Mlikuwa mnavuna mpaka mnakosa magunia. Kuna mtu Isumbi aliwahi kuuliza mvua ile imetoka kwa nani?"

 Lililomuuma Tusekile ni kwamba mzee yule hakuwa amesema uongo hata mmoja.

"Na kumbuka kiapo," Chilongani akaongeza, safari hii kwa upole.

Kiapo kilikuwa kimoja: habari ya mvua haivuki uzio. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na kituo ambacho mfanyakazi wake mmoja alimnong'oneza kaka yake kwamba mvua ya kwao imehamishwa. Watu walipanda mlima na mienge. Walinzi na wanakijiji wakazikwa wiki moja. Tangu hapo habari njema hutangazwa redioni kwa muziki, na habari mbaya huachwa zijitangaze zenyewe. Kaskazini walikuwa wameshaambiwa wapande.

2

Shangazi Subilaga alipiga simu mchana, wakati Tusekile anakula. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na hakuwahi kujua kuzungumza na simu bila kupaza sauti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Ndiyo nakula."

"Kula ushibe, maana una kazi. Kijiji kimekaa jana. Mkono wa mwaka huu ni wako!"

Kijiko kikabaki njiani.

Desturi ya mkono haikuwa ya kale. Ilizaliwa mwaka wa kwanza wa ukame. Isumbi ilikuwa na ghala moja la mbegu, na mwaka ule baadhi ya watu walitoa mbegu, wakasita, wakazirudisha. Kesho yake nusu haikuwepo, ndugu wakashikiana mapanga, mmoja akapoteza mkono. Kijiji kikaweka sheria. Siku ya kupanda, mbegu zote hutolewa mbele ya macho ya wote, na mtu mmoja aliyechaguliwa hutupa konzi ya kwanza ardhini. Akitupa, wote wanapanda. Mkono wake ukikataa, mbegu zinapikwa papo hapo na kila mtu anakula. Kurudi ghalani haziruhusiwi hata punje. Mara ya kwanza mkono ulikuwa wa mchungaji, mara ya pili wa mwalimu mkuu mstaafu. Wote walitupa, wote waliambulia viganda vya kuwasha moto.

"Shangazi, mimi siishi hapo. Mchagueni mwingine."

"Nimekutaja mimi mwenyewe, na hakuna aliyepinga. Wewe unafanya kazi na anga. Unalala nalo, unaamka nalo. Mchungaji alikuwa anabahatisha tu, maskini."

"Naumwa kidogo siku hizi."

"Utaumwa wiki ijayo. Ijumaa uje, na uvae gauni lile la kijani, usije na hayo mabuti."

Akakata simu. Tusekile alibaki akiutazama wali wake. Aliona njia mbili tu. Akitupa, atakuwa amewaambia watu wake mvua inakuja huku akijua haiji, na mbegu za mwisho za Isumbi zitaokwa kwenye vumbi. Asipotupa, atakuwa amevunja kiapo bila kufungua mdomo, na huenda mienge ikapanda mlima huu pia. Alijaribu kutafuta njia ya tatu mpaka wali ukapoa, asiione.

3

Ijumaa alivaa gauni la kijani.

Kijiji kizima kilikuwa shambani. Watu walimsalimia kwa mikono miwili, hata wale waliokuwa wakimwita jina la utani utotoni, na heshima ile ilimwelemea kuliko mtungi wa gesi. Mbegu zilikuwa kwenye mabeseni, mahindi na maharage, zimepakwa majivu dhidi ya wadudu. Hazikuwa nyingi. Watoto walizitazama kwa namna ambayo mtoto hatakiwi kuitazama mbegu.

Shangazi Subilaga alimsogezea beseni la kwanza. Alikuwa amekonda, lakini alitabasamu kwa meno yote.

"Haya, mama. Chota."

Tusekile akachota. Mahindi yalikuwa makavu na mepesi, majivu yakamwingia kwenye kucha. Akainama karibu na sikio la shangazi yake.

"Shangazi, zirudishwe ghalani. Mwaka mmoja tu. Nakuomba."

"Unajua haziwezi kurudi."

"Mwambie mwenyekiti aweke walinzi."

"Walinzi watakula nini?" Tabasamu lilianza kumpotea Subilaga. "Kuna nini, Tuse?"

 Tusekile aliwaza kaskazini, wanawake asiowajua waliochota mbegu zao asubuhi hiyohiyo, ambao kwao ile mvua ilikuwa haki iliyochelewa. Aliwaza mienge. Aliwatazama watoto, akajiambia kwamba ardhi haitawapa kitu, lakini chungu kitawapa siku moja ya kushiba, na akitoka hapo atajua angalau hakuwadanganya. Mkono ukabaki umefumba. Aliushusha taratibu, akairudisha konzi ile ndani ya beseni.

Hakuna aliyepiga kelele. Yeye alitegemea kelele, hata alizitamani. Mwenyekiti wa kijiji, bwana mmoja mrefu aitwaye Asajile, alivua kofia, akaangalia anga jeupe, akaivaa tena.

"Basi," alisema. "Wekeni vyungu."

Wanawake waliosha majivu, wanaume wakaleta kuni. Makande yalichemka mchana kutwa kandokando ya matuta yaliyokuwa yanazisubiri mbegu hizo. Watoto walicheza kwa furaha ya kweli, maana kwao ilikuwa sikukuu. Watu wazima walikula kimya na hawakubakiza. Hakuna aliyemuuliza Tusekile amejua nini, na alipotazama nyuso zao aliona kwamba hawakutaka kuuliza, kwa kuwa jibu lingewalazimisha kufanya jambo.

Subilaga alimpakulia sahani iliyojaa.

"Kula."

"Siwezi, shangazi."

"Kula, watu wanakuangalia. Ukikataa mbegu halafu ukakataa na chakula chake, watasema unatuchukia."

Akala. Yalikuwa matamu, na hilo hakujisamehe.

4

Wiki mbili baadaye Chilongani alimwita ofisini. Ukutani kulikuwa na ramani ya dunia inayoonyesha unene wa Pazia, na juu kabisa kaskazini palikuwa na doa jekundu linalopanuka.

"Mlima wa moto," alisema mzee. "Kule kwenye visiwa vya baridi. Ulikuwa umelala tangu enzi na enzi. Juzi umeamka, na kwa alasiri moja umerusha juu salfa nyingi kuliko maputo yetu yote ya mwaka mzima."

Tusekile hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mlima ulikuwa unafanya kazi yao, ila upande usiotakiwa. Kivuli kikubwa kingetanda kaskazini, kaskazini kungepoa, na mkanda wa mvua ungegeuka njiani na kurudi ulikofukuzwa.

"Baraza linasemaje?"

"Linasema tupandishe mara nne. Gesi ya mara nne iko wapi? Maputo yako wapi? Wanapiga simu kama watu wanaozima moto wa pori kwa vikombe." Alijishika kichwa. "Mahesabu yote yale. Mikutano yote ile. Mwezi wa kwanza itanyesha kwenu, Tusekile. Itanyesha sawasawa."

Jambo la kwanza alilohisi lilikuwa furaha. Ilimpanda ghafla mpaka akacheka kwa sauti. Kisha akakumbuka vyungu, akaketi kwenye kreti la vipuri.

"Wamekula mbegu," alisema. "Bosi, wamekula mbegu zote."

Chilongani alikwishasikia habari za mkono uliokataa. Mlima mzima ulikuwa umesikia. Hakumkaripia siku ile na hakumkaripia sasa. Alifunga mlango tu, akamsukumia simu ya ofisi.

Tusekile aliyapigia maduka yote ya pembejeo aliyoyajua, ya mjini na ya wilaya jirani. Jibu lilikuwa lilelile, sauti tu ndizo zilibadilika. Baraza lilikuwa limenunua mbegu zote za mahindi tangu mwezi wa tisa na kuzisafirisha kaskazini, kwa sababu kaskazini ndiko mvua ilikokuwa inapelekwa.

"Na kule?" aliuliza alipoiweka simu chini. "Kule wamepanda?"

"Wamepanda zote. Walitangaziwa." Mzee aligeukia dirishani. "Ziko kwenye vumbi."

Alimwonyesha stoo ya kituo kama ingesaidia. Kulikuwa na unga, magunia na magunia ya unga, mgao wa wafanyakazi. Unga hauoti. Walisimama mlangoni wakiutazama, watu wawili waliosomea anga, kisha Chilongani akafunga stoo na kusema atawapelekea Isumbi magunia kadhaa na aliyeko juu akiuliza atajibu yeye. Tusekile alimshukuru, ingawa wote wawili walijua magunia yale yataisha kabla ya Pasaka.

Mchana ule maputo yalipaa kama kawaida. Alijaza gesi, akafunga mizigo, akaachia kamba. Kuacha kungefanya nini? Blanketi lilikuwa palepale.

5

Mvua ilianza katikati ya Januari, asubuhi, bila upepo. Kule juu kituoni ilikuwa ukungu tu, kwa hiyo Tusekile alijua kwa simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Subiri kwanza, sikiliza."

Subilaga aliinyoosha simu nje. Ikasikika mvua kwenye bati, nzito, ya kuchimba, mvua aliyoikumbuka tangu utotoni, na nyuma yake vicheko vya watoto.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Tangu alfajiri. Asajile ametoka ameenda kusimama shambani peke yake. Matuta yamejaa maji. Ardhi imelainika mpaka unaweza kupanda kwa kidole." Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa akizungumza na simu bila kupaza sauti. "Mwanangu, siku ile mkono wako ulikataa kwa nini?"

Kulikuwa na kiapo, lakini Tusekile hakuona tena kinamlinda nani.

"Nilijua haitanyesha, shangazi. Amri ilikuwa imetoka, mvua ipelekwe kwingine. Nilijua kabisa. Nisingeweza kutupa mbegu zenu huku nikijua. Kisha mlima ukalipuka huko kaskazini, mambo yakageuka, na hilo hakuna aliyelijua, hata wakubwa. Hata mmoja."

Mvua iliendelea kunyesha sikioni mwake. Alisubiri kulaumiwa, akiwa ameifinya simu kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo ulijua," alisema Subilaga.

"Nilijua."

"Mimi ndiye niliyekutaja. Nilisema wewe unajua." Alivuta pumzi. "Tungemwita mtu asiyejua kitu, Tuse. Yeyote yule. Angetupa tu."

 Upande wa pili ndoo ililia ikiburutwa kwenye sakafu.

"Ngoja," alisema shangazi yake. "Ngoja nikakinge maji, angalau."